Walimu Wasitie Sahihi Kabla ya Bei Kujulikana

Kila mwaka, watahiniwa wa KCSE wanapokuwa wamezama katika karatasi za mtihani, kuna kundi dogo la vijana nchini ambao hukeshea karatasi za aina nyingine kabisa, yaani fomu za kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Baadhi yao wangali katika kidato cha nne. Wengi wamekwisha kumaliza mwaka uliotangulia na wako nyumbani wakisubiri. Kundi hilo si kubwa, lakini aghalabu lina wanafunzi wenye alama za juu kabisa, na aghalabu pia wengi wao ni watoto wa watu wasio na kitu. Kwa vijana hao, swali la chuo kipi na swali la nani atakayelipa ni swali moja. Kinachosikitisha ni kwamba uamuzi mmoja unaofanywa mapema mno, mara nyingi kwa kubahatisha, ndio unaoamua maswali yote mawili kwa pamoja.

Katika fomu hizo mna mahali ambapo mwombaji huulizwa anataka ombi lake lishughulikiwe kwa utaratibu upi. Mmojawapo wa taratibu hizo huitwa Early Decision kwa Kiingereza. Hapa tutauita ombi la kujifunga, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Mwombaji huchagua chuo kimoja tu, hutuma ombi lake kufikia tarehe 1 au 15 Novemba, na hupata jibu katikati ya Desemba. Akikubaliwa, amekwisha kuahidi kwamba atakwenda huko na kwamba atayaondoa maombi yake yote mahali pengine. Ahadi hiyo hutiwa sahihi na watu watatu: mwanafunzi mwenyewe, mzazi wake na mwalimu mshauri wa shule yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapa nguo huvuliwa kabla mtu hajajua kina cha maji.

Yafaa ieleweke kwamba si kila ombi la mapema hufunga. Upo utaratibu wa pili, Early Action, ambao kwao mwanafunzi hupata jibu mapema lakini hubaki huru hadi tarehe 1 Mei. Harvard, Yale na Princeton hufuata utaratibu wa namna hiyo. Huweka vikwazo juu ya mahali pengine mtu anapoweza kuomba mapema, ila hawamlazimishi aliyekubaliwa kwenda kwao. Kisha kuna ombi la kawaida, ambalo kwa vyuo vingi hutumwa mwanzoni mwa Januari na kujibiwa mwishoni mwa Machi au mapema Aprili. Wanafunzi wetu huzichanganya taratibu hizi kila mara, na walimu wao pia, kwa sababu neno "mapema" limo katika mbili kati yake. Lakini tofauti yake ni kubwa mithili ya ile iliyopo baina ya posa na ndoa.

Chambo cha ombi la kujifunga ni kwamba huongeza uwezekano wa kukubaliwa. Hilo si uvumi. Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha utafiti wao mwaka wa 2003 wakaonyesha kwamba kuomba mapema kulimfaa mwombaji takriban sawa na kuongezewa alama 100 katika mtihani wa SAT. Vyuo kadhaa vyenye sifa hujaza nusu ya nafasi zao, au zaidi, kwa njia hii kabla ya Krismasi. Kijana wa Kisii au Kitui akisikia habari hizo, na hasa akizisikia kutoka kwa wakala aliyelipwa na babake, atawezaje kukataa?

Asichoambiwa ni kile anachokitoa badala yake. Mwanafunzi aliyeomba kwa njia ya kawaida akakubaliwa na vyuo vinne, hukaa mwezi wa Aprili na barua nne mezani. Moja yaweza kumwachia mzazi wake dola 2,000 kwa mwaka, nyingine 9,000, nyingine isimwachie chochote. Anazilinganisha. Akipenda, anaiandikia afisi ya ufadhili ya chuo kimoja na kusema kwamba chuo kingine cha hadhi hiyo hiyo kimempa zaidi, je, wao wanaweza kutazama upya? Vyuo vingi hutazama upya. Aliyejifunga ana barua moja tu, na chuo kilichomwandikia kinajua kwamba ana barua moja tu. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena na muuzaji anayejua kwamba mnunuzi amekwisha kuapa mbele ya mwalimu wake kwamba hatakwenda soko jingine.

Watetezi wa utaratibu huu hawakosi jibu. Wao husema kwamba mkataba wenyewe una mlango wa kutokea: ikiwa mwanafunzi aliomba msaada wa fedha na kiasi alichopewa hakimwezeshi kuhudhuria, anaruhusiwa kukataa nafasi na kufunguliwa kutoka katika ahadi yake. Ni kweli, na mwalimu yeyote anayesoma makala haya ayakumbuke maneno hayo. Lakini ni nani anayeamua kwamba kiasi fulani kinatosha au hakitoshi? Chuo hufanya hesabu yake kwa kutumia majibu ambayo familia imeyajaza katika fomu ndefu, aghalabu ile inayoitwa CSS Profile. Fomu hiyo iliundwa kwa ajili ya watu wenye stakabadhi za mshahara, taarifa za benki na nyumba yenye bei inayojulikana. Mkulima wa majani chai wa Nyamira hulipwa kidogo kila mwezi na kisha bonasi mara moja kwa mwaka, na bonasi hiyo hupanda na kushuka. Ekari zake mbili ni urithi wa babu. Hakuna katika ukoo wake anayeweza kuziuza bila kuzua vita. Lakini katika fomu ni mali, na mali huhesabiwa. Ada ya shule ya ndugu wanne wadogo, dawa za nyanya, mchango wa mazishi wa kila mwezi wa pili: yote hayo hayaonekani isipokuwa mtu ayaeleze kwa barua, naye mzazi hajui kwamba anaruhusiwa kuandika barua.

Basi chuo husema familia inaweza kutoa dola 6,000 kwa mwaka. Kwa familia ya Kimarekani, pengo la kiasi hicho ni shida inayotatuliwa kwa mkopo. Kwa familia yetu ni takriban shilingi 780,000, nalo ni ukuta. Mikopo na misaada ya serikali kuu ya Marekani haitolewi kwa mwanafunzi mgeni aliyekwenda kwa viza ya masomo. Mkopo wa shahada ya kwanza wa HELB nao haukuwekwa kwa ajili ya kuvuka bahari. Fauka ya hayo, chuo hakiwezi kutoa ile hati iitwayo I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza, mpaka kione ushahidi kwamba gharama za mwaka wa kwanza zipo. Na afisa wa ubalozi anaweza kuuliza swali lilo hilo tena. Juu yake kuna dola 350 za kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wageni, dola 185 za kuomba viza, na tikiti ya ndege, ambayo si kila chuo huilipia. Ndiyo kusema kwamba msaada wa asilimia 90, ambao kwa Kiingereza huonekana kuwa ukarimu mkubwa, kwa mtoto wa mkulima unaweza kuwa sawa na kukataliwa.

Zamani pengo la namna hii lilizibwa na jamii. Wale vijana 81 waliosafirishwa kwa ndege Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani, pamoja na waliowafuata, walikwenda kwa mseto wa nafasi za bure vyuoni, michango ya Wamarekani na michango ya vijiji vyao. Desturi hiyo iliendelea. Hadi miaka ya 1990 harambee ya kumpeleka kijana ng'ambo lilikuwa jambo la kawaida la Jumamosi. Lakini gharama zimepaa. Leo mwaka mmoja katika vyuo vingi vya kibinafsi vyenye sifa hugharimu zaidi ya dola 85,000, karo na malazi na chakula vikijumlishwa, yaani takriban shilingi milioni 11. Hakuna harambee ya kijiji itakayolifikia pengo kubwa katika kiasi hicho, na hata pengo dogo litalazimika kuchangiwa kwa miaka minne.

Hebu pia tutazame tarehe, maana hapa ndipo mlango ule wa kutokea unapokuwa mwembamba. Jibu huja katikati ya Desemba. Familia ikiketi, ikapiga hesabu, ikaandika kuomba kiasi kitazamwe upya, ikajibiwa, ikaamua kwamba haiwezi, tayari ni Krismasi. Maombi ya kawaida kwingineko yanafungwa mapema Januari. Shule zimefungwa, mwalimu mkuu yuko kwao mashambani, muhuri umo ndani ya kabati na ufunguo wa kabati anao karani ambaye simu yake haipatikani. Atakayeandika barua mpya za mapendekezo kwa vyuo vingine vinane katika wiki hiyo ni nani? Mwanafunzi huyo amefunguliwa kwa maandishi, lakini hana pa kwenda. Ndiyo maana hata anayejifunga lazima ayaandae maombi yake mengine yote kikamilifu kabla ya Desemba, kana kwamba jibu la kwanza litakuwa hapana.

Pamoja na hayo yote, sitaki kusema kwamba kujifunga ni upumbavu siku zote. Wapo wanaolitoa shauri hilo, na wanakosea. Kila kitu hutegemea jinsi chuo chenyewe kinavyowatendea wageni wasio na fedha, na hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wetu hulichunguza mwisho ilhali lilipaswa kuwa la kwanza. Vipo vyuo vichache sana ambavyo havitazami mfuko wa mwombaji mgeni vinapoamua kumkubali, na vinavyoahidi kuliziba hitaji lake lote kama vinavyolihesabu. Harvard, Yale, Princeton na MIT vimo katika orodha hiyo fupi, na Amherst, Bowdoin, Dartmouth na Brown pia. Hivi vinne vya mwisho vina ombi la kujifunga. Mwanafunzi mwenye hitaji kubwa anayekipenda kimojawapo kwa dhati, na ambaye hali ya nyumbani kwao ni rahisi kueleza, hapotezi mengi akijifunga huko.

Vyuo vingi vilivyobaki hutazama mfuko. Kila mwaka huwa na fungu fulani la fedha kwa ajili ya wageni, na fungu likiisha limeisha, hata mwombaji awe na alama zipi. Kati ya hivyo, vipo vinavyomtosheleza kila mgeni vinayemkubali, hata kama wanaokubaliwa ni wachache. Williams ni mfano mmojawapo. Katika chuo cha namna hii hoja hugeuka. Anayeomba Novemba hulikuta fungu likiwa zima. Anayeomba Januari huenda akakuta limemegwa. Kwa mwanafunzi anayehitaji kila kitu, kujifunga mahali kama hapo kwaweza kuwa ndiyo nafasi yake bora kabisa, na mwalimu anayemkataza kwa sababu amesikia kwamba kujifunga ni hatari atakuwa amemdhulumu.

Hatari yenyewe imo katika chuo cha aina ya tatu, nacho ndicho cha kawaida: hutazama mfuko wakati wa kukubali, kisha hutoa msaada nusunusu. Kujifunga huko bila kujua kiasi ni kamari. Sioni sababu yoyote inayoweza kumfanya mtoto wa maskini wa Kenya ajifunge katika chuo kama hicho, na sioni sababu ya mwalimu wake kutia sahihi.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili. Katika fomu mwombaji huulizwa kama ataomba msaada wa fedha. Wapo wanaoshauriwa waseme hapana, ati wakubaliwe kwanza kisha walie baadaye. Ujanja huu humwangamiza mwenyewe. Vyuo vingi vina kanuni iliyo wazi kwamba mgeni ambaye hakuomba msaada alipokuwa akiomba nafasi hataruhusiwa kuuomba baadaye, katika baadhi ya vyuo kwa miaka yote minne. Jibu la neno moja lililoandikwa Oktoba na kijana wa miaka 18 hufunga mlango mpaka siku ya mahafali, ikiwa mahafali yenyewe yatafikiwa.

Na wakati macho yote yamekodolewa chuo kimoja maarufu, tarehe nyingine hupita kimya kimya. Harvard na wenzake hawatoi ufadhili kwa sababu ya alama. Hutoa kwa sababu ya uhitaji tu. Ufadhili wa alama hutolewa zaidi na vyuo vinavyotaka kuwavuta wanafunzi bora, na mara nyingi wenye kuuhitaji hutakiwa watume maombi kabla ya tarehe ya kawaida. Chuo Kikuu cha Boston, kwa mfano, kimekuwa kikiweka tarehe 1 Desemba kwa wanaotaka kufikiriwa kwa ufadhili wake mkubwa wa alama. Berea, chuo kidogo cha Kentucky, hakijamtoza mwanafunzi yeyote karo ya masomo tangu mwaka wa 1892, na wageni wachache kinaowachukua huwagharimia mwaka wao wa kwanza kwa ukamilifu. Ni wangapi katika shule zetu wamewahi kulisikia jina hilo?

Wamarekani wenyewe hawajatulia juu ya jambo hili. Mwaka wa 2006 Harvard, Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia vilitangaza kuziacha taratibu zao za mapema, vikieleza kwamba zilikuwa zikiwapendelea wenye uwezo na wenye washauri. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Lakini wenzao wengi hawakuwafuata, na kufikia 2011 vyote vitatu vilikuwa vimerudisha maombi ya mapema. Virginia ilirudisha hata ombi la kujifunga mwaka wa 2019. Mnamo Agosti 2025 wanafunzi kadhaa waliwasilisha kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni Massachusetts dhidi ya vyuo 32, wakidai kwamba utaratibu wa kujifunga unaua ushindani na kupandisha gharama. Mahakama itaamua itakavyoamua. Hoja yenyewe mtu yeyote aliyewahi kununua ng'ombe sokoni anaielewa bila wakili.

Mwaka uo huo wa 2025 liliripotiwa jambo linalopasa kuwashtua walimu hasa. Chuo Kikuu cha Tulane kiliizuia shule moja ya jimbo la Colorado kwa mwaka mzima isiwasilishe maombi ya kujifunga, baada ya mwanafunzi wake mmoja kujiondoa katika ahadi aliyokuwa ameitia sahihi. Sitetei adhabu hiyo, maana imewaangukia wasiohusika. Inaonyesha tu kwamba sahihi ya mwalimu si pambo. Chuo huweza kuiona kama dhamana ya shule nzima, na mwaka ujao mwanafunzi mwingine ndiye atakayedaiwa.

Jambo hili si geni kwetu tunavyodhani. Hapa nchini pia uchaguzi wa chuo huwa ni uchaguzi wa fedha. Utaratibu wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023, ambao umezozaniwa mahakamani, uliwanyima ruzuku ya serikali wanafunzi waliopelekwa na KUCCPS katika vyuo vikuu vya kibinafsi ukawaachia mikopo tu, na wako waliobofya jina la chuo bila kujua kwamba wamebofya pia deni. Tumewazoesha watoto wetu kuchagua chuo kwa jina na kozi kwa sifa, kisha bei waijue baadaye. Mazoea hayo wakiyapeleka Marekani huwagharimu maradufu.

Rai yangu ni kwamba vyuo vyenyewe vingepaswa kulazimika kumwambia mwombaji atalipa kiasi gani kabla ya kuitaka sahihi yake. Kwa kuwa havilazimiki, kazi hiyo inamwangukia mwalimu. Vikokotoo vya gharama vilivyo katika tovuti za vyuo havimsaidii sana, kwani vingi vimetengenezwa kwa ajili ya familia za Kimarekani. Lakini afisi za ufadhili zina watu, na watu hujibu barua. Katika mwezi wa Septemba, kabla fomu ya kujifunga haijaguswa, mwalimu mshauri akiandikie chuo hicho kimoja na aulize mambo haya waziwazi: Je, hutazama mfuko wa mgeni vinapoamua kumkubali? Je, huziba hitaji lote au sehemu tu? Je, tikiti ya ndege na bima ya matibabu zimo katika hesabu? Je, afisi iko tayari kusoma mapato ya familia hii sasa na kutoa makadirio kwa maandishi? Vipo vyuo vinavyokubali kufanya hivyo kwa anayetaka kujifunga. Kisha amwite mzazi, amsomee majibu kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kwa shilingi na si kwa dola, ndipo kalamu itolewe. Chuo kisipojibu kufikia mwisho wa Oktoba, ombi litumwe Januari pamoja na mengine.